Dakika Tatu za Kusimama

Ijumaa ya wiki ya sita wodini, saa moja kasoro asubuhi, Leland Dueck alikuwa amejifungia kwenye choo cha orofa ya nne ya hospitali, anazungumza na kioo.

"Mpango wangu ni kumruhusu leo," alikiambia kioo. Sauti ilitoka nyembamba. Akakohoa, akapanua mabega, akajaribu tena. "Daktari, mpango wangu ni kumruhusu leo."

Mtu akagonga mlango. Leland akafungulia maji ya bomba ili ionekane ananawa, akasubiri nyayo ziondoke, kisha akarudia mara ya tatu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa udaktari, mrefu, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, na alikuwa anaogopa kupita kiasi.

Alichokuwa anakiogopa ni fomu. Wiki tatu nyuma, Daktari Moira Pettigrew, bingwa aliyeongoza wodi ile, alimwita pembeni karibu na kabati la mashuka akamsomea tathmini ya katikati ya muhula. Maneno yalikuwa machache: Mpole. Anafika mapema. Ushiriki, chini ya kiwango. Sijui anajua nini kwa sababu hakisemi. Fomu ya mwisho ilikuwa ijazwe leo, saa nane mchana. Kama ingekuja na maneno yale yale, kamati ya chuo ingeketi, Leland angerudia wodi nzima, na maombi yake ya kwenda kusomea udaktari wa familia vijijini yangekwenda na doa. Nafasi za vijijini zilikuwa chache. Mwenye doa hapewi.

Na hiyo ndiyo nafasi aliyoitaka tangu akiwa na miaka kumi na minne, siku daktari wa mji wao mdogo alipostaafu na hakuna aliyekuja kukalia kiti chake.

Kwao ni kusini mwa Manitoba, jimbo la Kanada, nje kidogo ya mji wa Altona, kwenye shamba la ngano. Nyumba yao ilikuwa ya watu wa maneno machache. Mezani mlisikia uma na sahani, mkasikia upepo, na hakuna aliyeona kuna kasoro. Baba yake, Cornelius Dueck, akiulizwa kama ngano imekauka, hakujibu akiwa amekaa. Alivaa buti, akatoka, akachukua punje shambani, akaiuma. Punje ikivunjika kwa mlio, alisema imekauka. Isipovunjika, alirudi ndani akavua buti na kusema bado. Leland alikua akiamini kwamba hivyo ndivyo watu wote hujibu maswali.

Chuo kilimfundisha vingine. Tena kilianza vizuri! Wiki ya kwanza kabisa, wanafunzi mia moja na nane walipewa maswali themanini ya kupima tabia zao, kisha wakaambiwa wasimame kwenye pembe nne za ukumbi kulingana na majibu. Pembe ya wachangamfu, kule mlangoni, ilijaa hadi watu wakakanyagana. Pembe ya wapangaji ilijipanga yenyewe. Kwenye pembe ya wenye huruma watu walikuwa wameshaanza kukumbatiana. Na chini ya saa ya ukutani, pembe ya wakimya, walisimama watu watano ambao hawakuambiana lolote na walijisikia vizuri tu.

"Tunawahitaji nyote!" alisema mhadhiri, uso unang'aa. "Wagonjwa hawafanani. Na nyinyi msifanane!"

Watu wakapiga makofi. Picha zikapigwa. Picha moja iko hadi leo kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa chuo, na Leland yumo, nusu uso, chini ya saa. Kisha miaka miwili ikapita, wakaingia wodini, na fomu waliyopewa walimu kuwapimia ilikuwa na kisanduku cha kuongea, na kisanduku cha kujiamini, na kisanduku cha ari. Kisanduku cha kusikiliza hakikuwapo. Hakuna aliyeuliza yale makofi yalikwenda wapi.

Raundi ya asubuhi ndiyo iliyokuwa uwanja wa mapambano. Timu inatembea kitanda hadi kitanda ikisukuma kompyuta yenye magurudumu. Mwanafunzi anamweleza mgonjwa wake kwa kichwa, bila kutazama karatasi. Bingwa anarusha maswali, na anayejibu kwanza ndiye anayekumbukwa saa ya kujaza fomu. Roxanne Beauchemin, binti wa mtaa wa Mtakatifu Bonifasi ng'ambo ya mto, mwenye cheko la kusikika hadi kwenye lifti, alijibu kabla swali halijaisha. Akikosea, alicheka, akajibu tena.

Roxanne ndiye aliyempa ushauri. Jana yake walikuwa wamekaa kantini, sahani ya viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa mchuzi na jibini katikati yao.

"Tatizo lako, Dueck, unataka uhakika," alimwambia, kiazi kikining'inia kwenye uma. "Nani ana uhakika mle ndani? Unadhani mimi ninao?"

"Unaonekana unao."

"Ndiyo hivyo! Naonekana! Wewe unajua kila kitu halafu unaonekana kama mtu aliyekuja kutengeneza hita." Akameza kiazi. "Kesho ukiulizwa, jibu papo hapo. Usifikiri. Ukifikiri umekwisha."

"Na nikikosea?"

"Mungu wangu! Unakosea, tunacheka, tunaendelea. Kwani ulizaliwa na jaji?"

Ndiyo maana asubuhi ile Leland alikuwa chooni. Kila siku, nusu saa ile, alikuwa akikaa na wagonjwa wake wanne, akiwapima mwenyewe, akiwasikiliza. Siku hiyo aliitumia kwa kioo.

Saa mbili na robo timu ilisimama kitandani kwa Walter Kostyniuk. Mzee huyu wa miaka themanini na mmoja, fundi wa matrekta aliyestaafu kule Dauphin, alikuwa amelazwa siku tisa kwa nimonia. Sasa alikuwa amepona, hana homa, anakula, na alishamwambia kila aliyeingia chumbani kwamba mbwa wake anamsubiri. Mwanawe alikuwa njiani kuja kumchukua, mwendo wa saa nne kwenye barabara ya theluji.

Leland akaanza. Sauti ya chooni ikamjia, nene, iliyonyooka. Alitaja joto, mapigo, matokeo ya damu, picha ya kifua. Hakusita. Roxanne, nyuma ya kompyuta, akamwinulia kidole gumba.

"Mpango wangu ni kumruhusu leo," alimalizia.

Daktari Pettigrew alikuwa mwanamke mdogo wa mwili mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Akaiweka machoni.

"Jumatano uliandika mgonjwa anapata kizunguzungu akiamka kwenda kukojoa. Sentensi moja, chini kabisa. Leo umempima presha akiwa amelala na akiwa amesimama?"

Leland hakutegemea. Alidhani hakuna anayesoma sentensi zake za chini kabisa. Macho yote yalikuwa kwake. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, sijapima. Lakini neno hilo lilikuwa na sauti ya yule Leland wa fomu ya kwanza. Usifikiri, alikuwa ameambiwa.

"Ndiyo, Daktari. Hakuna tofauti."

"Safi. Basi vidonge vyake vitatu vya presha viendelee kama kawaida, na aende nyumbani." Pettigrew akavua miwani, akamtazama, na kwa mara ya kwanza katika wiki sita akatabasamu. "Huyu ndiye Dueck niliyekuwa namsubiri."

Timu ikasukuma kompyuta kwenda kitanda kingine.

Wagonjwa kumi na mmoja waliofuata, Leland hakumsikia hata mmoja. Alitembea nao, akatikisa kichwa walipotikisa, lakini akilini alikuwa na lile jibu lake, kama punje mbichi isiyovunjika. Alijiambia kwamba pengine kweli hakuna tofauti. Alijiambia kwamba wazee wote hupata kizunguzungu. Kisha alijisikia akijiambia, akashtuka. Hayo yalikuwa maneno ya mtu ambaye hakuwahi kumfahamu.

Raundi ilipovunjika saa nne, Roxanne alimrukia kwenye korido.

"Dueck! Umetabasamiwa! Huyo mama hajatabasamu tangu theluji ya kwanza!"

"Sikupima."

"Hukupima nini?"

"Presha. Ya kusimama. Sikuigusa."

Roxanne alitazama huku na huku, akamvuta mkono hadi kwenye kabati la mashuka.

"Sawa. Sawa, sikiliza. Nenda kapime sasa hivi. Ikitoka sawa, hukudanganya, ulitangulia tu. Namba ni ile ile."

"Na isipotoka sawa?"

Roxanne akavuta ncha ya shuka moja, akaikunja.

"Mimi pia nimewahi," alisema, kwa sauti ya chini ambayo Leland hakujua kwamba anayo. "Mara mbili. Nilisema nimesikiliza mapafu na sikuwa nimesikiliza. Wagonjwa walikuwa salama. Lakini sikurudi kuangalia, Leland. Wewe nenda."

Mzee Kostyniuk alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa suruali ya jinzi na kanda za mabegani, mfuko wake umefungwa. Nesi Marivic Dimaculangan, aliyefanya kazi wodi ile miaka kumi na saba, alikuwa anamwondolea bandeji mkononi.

"Mzee, samahani," alisema Leland. "Naomba ulale tena kidogo. Nataka kupima presha."

"Si ulisema hapa iko sawa? Nilikusikia. Ulisema kama mtangazaji wa mpira wa magongo."

"Naomba, mzee."

Mzee akanung'unika, akalala. Dakika tano zilipita. Mashine ikakaza mkono, ikaachia. Mia moja arobaini na mbili.

"Sasa simama. Nitakushika."

Mzee alisimama. Dakika ya kwanza, mia moja kumi na nane. Leland aliendelea kusimama naye, bega kwa bega, akiitazama saa. Marivic alikuwa ameacha bandeji. Dakika ya pili mzee aliukamata mkono wa Leland juu ya kiwiko, vidole vyake vya ufundi vikikaza kama koleo. Dakika ya tatu, tisini na nne. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Keti, mzee. Polepole."

"Nimesimama haraka tu."

"Umesimama dakika tatu. Kwako kuna ngazi?"

"Saba. Za mbao." Mzee alifumba macho, akangoja chumba kitulie. "Zina barafu. Mwanangu humwaga chumvi, akikumbuka."

Leland alihesabu ngazi saba kichwani, moja moja, na chini yake akaona saruji.

Marivic alimfuata hadi mlangoni. "Kule kwenye raundi ulisemaje?"

"Nilisema hakuna tofauti."

Nesi alimtazama, si kwa ukali, bali kama mtu anayesoma lebo ya dawa kwa mara ya pili. "Mimi karatasi za kumruhusu sizigusi. Na Daktari atasikia kutoka kwako, si kutoka kwangu. Nakupa dakika kumi, kaka. Zikiisha napiga simu mwenyewe."

Chumba cha madaktari kilikuwa mwisho wa korido, hatua sitini. Katika hatua hizo sitini Leland alitengeneza sentensi. Ilikuwa nzuri mno. Daktari, nimerudia kumpima mzee Kostyniuk, na sasa presha inashuka akisimama. Ukitoa neno moja dogo, nimerudia, yote ilikuwa kweli. Mzee angesalimika. Fomu ingesalimika. Daktari angetabasamu tena na kusema tazama, mwangalifu pia. Aliitamka kimoyomoyo mara tatu, kama alivyofanya chooni, na kila mara ilitoka laini zaidi.

Kilichomzuia hakikuwa ushujaa. Alipofika mlangoni alimwona kichwani baba yake akivaa buti.

Ndani walikuwa Pettigrew, Daktari Gurveer Sandhu aliyekuwa msaidizi wake, na Roxanne aliyekuwa anajifanya anasoma. Sanduku la donati lilikuwa wazi mezani.

"Daktari," alisema Leland. Sauti ilikuwa ile yake mwenyewe, nyembamba. "Asubuhi nilisema nimempima mzee Kostyniuk amesimama. Sikuwa nimempima. Nimempima sasa. Inatoka mia moja arobaini na mbili hadi tisini na nne, na anataka kuanguka."

Sandhu akaweka donati chini.

"Rudia," alisema Pettigrew.

Leland akarudia, neno kwa neno.

"Kwa nini ulisema umepima?"

"Kwa sababu uliniuliza mbele ya watu, na kusema sijapima kulionekana..." Akatafuta neno. "Kulionekana kimya. Na kawaida ningekuwa nimempima. Ila leo nusu saa ile nilikuwa chooni najifunza kuongea."

Sandhu alikohoa ndani ya ngumi, kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Pettigrew hakucheka. Alisimama, na kwanza alifanya yaliyomhusu mgonjwa. Vidonge viwili vya presha visimamishwe. Maji ya mshipani. Mzee abaki hadi kesho, apimwe kila baada ya saa nne.

"Na wewe," alimwambia Leland, "mpigie mwanawe."

Mwana wa mzee, Orest, alikuwa amevuka mji wa Neepawa. Alisimamisha gari pembeni ili atukane vizuri.

"Nimeamka saa kumi alfajiri! Theluji kila mahali! Nimemfungia mbwa wake nyuma ya gari amletee furaha, halafu unaniambia kesho? Nani kakosea?"

"Mimi."

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyekosea. Nilisema yuko tayari na sikuwa nimeangalia. Samahani sana."

Mbwa alibweka mahali fulani nyuma. "Basi," Orest akasema, kama mtu aliyejiandaa kusukuma mlango akaukuta wazi. "Basi angalia sasa. Mwambie tunakuja hata hivyo. Mbwa atamwona dirishani."

Saa nane mchana, Leland alikaa mbele ya meza ya Pettigrew. Fomu ilikuwa wazi kwenye kompyuta, lakini kioo kilimgeukia daktari. Leland aliona mwanga wa buluu tu kwenye miwani yake.

"Uongo kuhusu mgonjwa lazima niuandike," alisema Pettigrew. "Unaelewa hilo."

"Ndiyo."

"Nitaandika pia kwamba ulirudi mwenyewe mchana haujafika. Yote mawili. Kamati itakuita Jumanne, utawaeleza kama ulivyotueleza sisi. Sijui watalisomaje. Sitakudanganya kwamba najua."

Leland akaitikia kwa kichwa, akakumbuka, akasema kwa sauti, "Sawa, Daktari."

Pettigrew aliandika kidogo, akafuta, akaandika. Kisha akaacha.

"Mimi nilikusukuma uongee. Sikukusukuma udanganye, hilo ni lako. Lakini la kwanza ni langu, na wiki tatu nzima nilikuwa nasoma sentensi zako za chini kabisa na kuona hakuna anayeandika kama hizo. Sikukwambia." Akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. "Nenda kampime. Ni saa nane."

Alikwenda. Mzee alilala, mzee alisimama, wakasimama pamoja kwa dakika tatu. Chini kwenye maegesho, mbwa wa manjano aliketi ndani ya gari linalotoa moshi, akitazama dirisha lisilo la mzee.

"Wewe si muongeaji," mzee alisema dakika ya pili ikipita.

"Hapana."

"Ya asubuhi sikuipenda ile sauti."

Mia moja ishirini na sita. Mzee hakumshika mkono.

Fomu ilimfikia kwenye simu saa kumi na nusu, akiwa amesimama kando ya gari lake kwenye baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Aliisoma akiwa amevua glavu moja, kidole kinauma. Ushiriki: unatosha. Uaminifu: tazama maelezo. Na chini kabisa, baada ya kisa chote, sentensi moja: Sitaki mwanafunzi huyu awe na kelele, nataka ajifunze kusema "sijaangalia" kwa sauti ya kusikika. Chini yake, kwa herufi za mashine: Kamati, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Alisoma mara mbili. Hakujua kama amenusurika au amezama. Kesho mzee angepimwa na mtu mwingine, na vijijini nafasi zilikuwa bado chache. Aliingia garini akiwa anapanga tayari maneno ya Jumanne, akaona hakuna cha kupanga, kwa sababu yalikuwa yale yale. Akatia gia, akaanza kutoka.

"DUECK!"

Sauti ile ilivuka maegesho mazima, ikagonga ukuta wa hospitali, ikarudi. Roxanne alikuwa anakimbia kwenye theluji, kofia imemtoka, mikono juu kama anayezuia treni.

"Waya! Waya, wewe bwana! Unaondoka na nguzo ya watu!"

Leland akakanyaga breki. Waya wa kupashia injini joto ulikuwa bado kwenye soketi ya nguzo ya umeme, umevutika, umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Inchi chache zaidi na ungekatika. Alishuka, akauchomoa, akauzungusha mkononi.

Roxanne alifika akihema, mvuke unamtoka kama birika. "Watasemaje Jumanne?"

"Sijui," alisema Leland, na akalisema kwa sauti kubwa kiasi kwamba mlinzi wa maegesho aligeuka kumtazama.